MICHAEL FARADAY: MWANA WA MHUNZI ALIYETUPA UMEME

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Nilipoombwa niandike maisha ya mtu mashuhuri katika jarida letu, wenzangu wengi walidhani nitamchagua mwanasiasa, mwanariadha au malenga. La hasha! Nimemchagua mtu ambaye hakushika wadhifa wowote serikalini, hakupigana vita vyovyote, hakwenda chuo kikuu, na hata hesabu zilimpiga chenga maisha yake yote. Jina lake ni Michael Faraday. Kila unapobonyeza swichi ukutani, ujue usijue, unatumia kazi ya mikono yake.

Kabla sijaanza, acha nikiri jambo moja. Mwishoni mwa Kidato cha Pili, wakati wa kuchagua masomo, nilikuwa nimekata kauli kuiacha Fizikia. Alama zangu za Hisabati si za kujivunia, na nyumbani kwetu tunasomea koroboi. Nilijiambia kwamba sayansi ni ya wanafunzi wa shule za bweni, wale wenye taa mpaka saa nne za usiku na maabara zilizosheheni vifaa. Mimi wa kutwa, ninayetembea kwa miguu asubuhi na jioni na kuteka maji nikifika, nitaiweza wapi? Mwalimu wetu wa Fizikia hakunigombeza. Alinipa tu kitabu kikuukuu chenye maisha ya huyu Faraday, akaniambia nikisome kwanza kisha ndipo niamue. Nilikisoma kwa siku tatu, masizi yakinijaa puani. Siku ya nne nilirudi kwake kumwomba anirudishe kwenye orodha. Basi nisikilizeni niwasimulie yaliyonibadilisha nia.

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba mwaka wa 1791 huko Newington, mahali ambapo siku hizo palikuwa pembezoni mwa jiji la London, Uingereza. Baba yake, James, alikuwa mhunzi, yaani mfua vyuma. Uhunzi unataka nguvu, naye James alikuwa mtu wa kuuguaugua. Asipoinua nyundo, chakula hakikuingia nyumbani. Mama yake, Margaret, alilea watoto wanne katika hali hiyo, naye Michael alikuwa wa tatu. Mwaka wa 1801 bei ya nafaka ilipanda mno, na inasimuliwa kwamba Michael, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, alikuwa akipewa mkate mmoja wa kumtosha juma zima. Hebu fikiri, ndugu msomaji: mkate mmoja, siku saba!

Shule nayo hakuipata ya kutosha. Alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo tu. Kuna kisa kinachosimuliwa kwamba alishindwa kutamka herufi r, hata jina la kaka yake Robert likawa linamtatiza. Mwalimu alimpa Robert sarafu akanunue fimbo ya kumchapia mdogo wake. Robert aliitupa ile sarafu nyuma ya ukuta, akakimbia kumweleza mama yao, na mama akawaondoa wote wawili katika shule hiyo. Wale wenzetu wanaochekwa darasani kwa kuchanganya r na l, jipeni moyo. Mmetangulia kuwa na mwenzenu mkubwa.

Alipotimiza miaka kumi na mitatu, Michael aliajiriwa na mwuza vitabu mmoja aliyeitwa George Riebau. Kazi yake ilikuwa kupeleka magazeti nyumba kwa nyumba. Siku hizo gazeti lilikuwa ghali, kwa hivyo watu waliliazima, wakalisoma, kisha kijana akalichukua na kulipeleka kwa mwingine. Alifanya kazi hiyo kwa uaminifu hata mwaka uliofuata, 1805, Riebau akamchukua awe mwanagenzi wa kujalidi vitabu bila kumdai mzazi wake ada. Uanagenzi huo ulikuwa wa miaka saba.

Hapa ndipo penye siri ya maisha yake. Wanagenzi wengine walivishona vitabu, wakavitia gundi na kuvivika majalada, basi. Michael alivisoma. Kitabu kikiletwa kujalidiwa, yeye alikifungua. Katika ensaiklopidia ya Britannica alisoma makala kuhusu umeme, na katika kitabu cha Kemia kilichoandikwa na mama mmoja, Jane Marcet, alijifunza misingi ya sayansi hiyo. Naomba wasichana wenzangu mlitie akilini hilo, kwamba aliyemfungulia Faraday mlango wa Kemia alikuwa mwanamke.

Wala hakuishia kusoma. Alichosoma alikijaribu. Mwaka wa 1812 alitengeneza betri yake mwenyewe kwa sarafu saba za nusu peni, vipande saba vya zinki, na vipande sita vya karatasi iliyoloweshwa maji ya chumvi. Alivipanga kimoja juu ya kingine, akapata umeme. Kumbuka hakuwa na maabara. Alikuwa na senti zake za mfukoni tu, lakini mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Baba yake alifariki mwaka wa 1810. Mwaka huo huo Michael alianza kuhudhuria mihadhara ya sayansi iliyotolewa jioni na mtu aliyeitwa John Tatum. Kiingilio kilikuwa shilingi moja, na shilingi hiyo hakuwa nayo. Aliyemlipia ni kaka yake Robert, yule yule wa sarafu ya fimbo, ambaye sasa alikuwa mhunzi kama marehemu baba yao. Nilipofika hapo nilimkumbuka kaka yangu anayechomelea milango na madirisha kule jua kali ili mimi nilipiwe karo. Nyuma ya kila msomi kuna mtu ambaye mikono yake ina sugu.

Mwaka wa 1812 mteja mmoja wa duka alimpa Michael tikiti za kwenda kusikiliza mihadhara minne ya mwanakemia maarufu, Humphry Davy, katika Taasisi ya Kifalme jijini London. Kijana aliketi juu kabisa ukumbini, akaandika kila alichokisikia. Aliporudi aliyanakili maandishi yake kwa mwandiko safi, akachora na michoro, yakafika kurasa mia tatu hivi. Kisha kwa kuwa kujalidi ndiyo kazi aliyoijua, aliyatia jalada yakawa kitabu kamili. Mwishoni mwa mwaka huo alimpelekea Davy kitabu hicho pamoja na barua ya kuomba kazi yoyote ya sayansi.

Davy alifurahi, lakini nafasi haikuwepo. Alimshauri kijana asiiache kazi yake ya kujalidi, kwani sayansi haina malipo. Wengi wetu tungekata tamaa papo hapo. Lakini subira huvuta heri. Mapema mwaka wa 1813 msaidizi wa maabara wa taasisi hiyo alipigana na fundi wa vifaa, akafutwa kazi. Usiku mmoja gari la farasi la Davy lilisimama mbele ya nyumba ya akina Faraday, na mtumishi akashuka na barua. Tarehe 1 Machi mwaka wa 1813 Michael aliandikwa kazi. Mshahara ulikuwa shilingi 25 kwa juma, pamoja na vyumba viwili orofani, makaa ya kuotea na mishumaa. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja.

Msidhani mambo yalikwenda kama maji mtelezoni. Mwishoni mwa mwaka huo Davy na mkewe walianza ziara ya Ulaya wakamchukua Michael. Aliona mengi: huko Paris alikutana na Ampère, na huko Milan akamwona Volta mwenyewe, yule aliyevumbua betri. Lakini mtumishi wa Davy alikataa kusafiri, hivyo Michael akalazimika kufanya na kazi za utumishi. Mke wa Davy alimdharau waziwazi na kumfanya ale na watumishi. Kuna wakati karibu aache yote arudi nyumbani. Alivumilia. Waliporejea London Aprili mwaka wa 1815 alikuwa amejifunza zaidi ya aliyekaa darasani miaka mitatu.

Sasa tuje kwenye umeme wenyewe. Mwaka wa 1820 mwanasayansi wa Denmark, Hans Christian Ørsted, aligundua kwamba mshale wa dira ukiwekwa karibu na waya unaopitisha umeme, mshale huo hugeuka. Habari hiyo iliwashangaza wasomi kote Ulaya. Septemba mwaka wa 1821, miezi michache baada ya kumwoa Sarah Barnard, Faraday alichukua bakuli la zebaki, akasimamisha sumaku ndani yake, akaning'iniza waya uliogusa zebaki hiyo. Alipopitisha umeme, waya ulianza kuizunguka sumaku, ukazunguka na kuzunguka bila kukoma. Kwa mara ya kwanza umeme ulizungusha kitu mfululizo. Hiyo ndiyo nyanya ya mota zote: mota ya mashine ya kusaga unga, ya feni, na ya pampu ya kuvuta maji kisimani.

Furaha haikudumu. Faraday aliharakisha kuchapisha matokeo yake bila kuwataja Davy na mwanasayansi mwingine, Wollaston, waliokuwa wamelifikiria jambo kama hilo. Watu walinong'ona kwamba ameiba wazo. Mwaka wa 1824 alipopendekezwa awe mwanachama wa Shirika la Kifalme la wanasayansi, aliyempinga alikuwa Davy mwenyewe, ambaye ndiye aliyekuwa rais wa shirika hilo. Mwalimu alikuwa anamwonea gere mwanafunzi wake! Hata hivyo, Faraday alichaguliwa, wala hakuacha kumheshimu Davy. Mimi hapo nilijifunza mawili: ukitumia wazo la mwenzako lazima umtaje, na ukitendewa ubaya na aliyekuinua, usisahau kwamba alikuinua.

Kwa miaka kumi Faraday alikuwa na swali moja kichwani. Ikiwa umeme huzaa nguvu ya sumaku, kwa nini sumaku isizae umeme? Alijaribu mara kadhaa akashindwa. Tarehe 29 Agosti mwaka wa 1831 alichukua pete nene ya chuma, akaizungushia waya upande mmoja na waya mwingine upande wa pili. Waya wa kwanza aliuunganisha na betri, na ule wa pili akaupitisha juu ya mshale wa dira. Alipounganisha betri, mshale ulishtuka kidogo kisha ukatulia. Alipoitenga betri, ulishtuka tena. Lakini betri ikiwa imeunganishwa tu bila kubadilishwa, mshale haukusogea hata chembe.

Tarehe 17 Oktoba alichukua mwanzi wa karatasi uliozungushiwa nyaya za shaba, akaiingiza sumaku ndani kwa ghafla. Kipima umeme kikashtuka. Akaichomoa, kikashtuka upande wa pili. Akaiacha ndani imetulia, kimya! Siri ikawa imefichuka: sumaku ikilala haitoi kitu, ni lazima kuwe na mwendo au mabadiliko. Siku kumi na moja baadaye alizungusha kisahani cha shaba kati ya ncha za sumaku kubwa, akapata umeme unaotoka mfululizo. Hiyo ilikuwa jenereta ya kwanza. Tarehe 24 Novemba aliwasomea wanasayansi matokeo yake. Ni haki niseme pia kwamba kule Marekani Joseph Henry alikuwa akigundua mambo yayo hayo bila kujua, lakini Faraday ndiye aliyetangulia kuyatangaza.

Somo hili kwa kweli ni la Kidato cha Nne, lakini mwalimu wetu alituonyesha muhula uliopita. Tuna koili moja tu na sumaku iliyochanika pembe, tukajipanga mstari kila mmoja ajaribu. Zamu yangu ilipofika niliiingiza sumaku polepole, mshale ukasogea kidogo mno. Nikaiingiza kwa nguvu, ukaruka. Jamani, nilisisimka! Niliona kitu kile kile alichokiona mtoto wa mhunzi mwaka wa 1831, na hakikuniuliza alama zangu za Hisabati.

Wanachama wa Kiswahili, sehemu hii inatuhusu sisi hasa. Faraday alipoendelea kuchunguza jinsi umeme unavyovunja kemikali, alikosa maneno. Lugha yake haikuwa na majina ya vitu alivyoviona. Hakunyamaza, wala hakusema lugha yake haifai kwa sayansi. Mwaka wa 1834 alimwandikia msomi wa Cambridge aliyeitwa William Whewell, mjuzi wa lugha za kale, wakashauriana, na kutokana na Kigiriki yakapatikana maneno kama anodi, kathodi na ioni. Leo maneno hayo yako katika kila kitabu cha Kemia duniani. Nasi tuna usanisinuru, tuna tarakilishi, tuna rununu na runinga. Wako wanaoyacheka maneno haya. Nawauliza, je, anodi ilikuwa na maana gani kwa mwuza samaki wa London siku ilipozaliwa? Neno jipya ni kama kiatu kipya, hubana mwanzoni kisha mguu ukakizoea.

Nimesema hesabu zilimpiga chenga. Si utani. Maandishi yake ya kisayansi karibu hayana hesabu za juu hata moja. Badala yake aliona kwa macho ya akili. Alinyunyiza unga wa chuma juu ya karatasi yenye sumaku chini yake, akaona jinsi ulivyojipanga kwa mistari iliyopinda, akasema kwamba nguvu ya sumaku imejaa katika nafasi yote inayoizunguka. Wasomi wengi waliokuwa mabingwa wa hesabu hawakulithamini wazo hilo. Kisha akaja Mskoti kijana, James Clerk Maxwell, hodari wa hesabu, akayageuza mawazo ya Faraday kuwa milinganyo. Milinganyo hiyo ilionyesha kwamba yapo mawimbi ya umeme na sumaku yanayosafiri kwa kasi ya mwanga. Heinrich Hertz wa Ujerumani akayathibitisha kati ya mwaka wa 1887 na 1888. Kutokana na mawimbi hayo tukapata redio, runinga na rununu. Kwa hivyo mama anapotuma pesa kwa simu, jambo ambalo Kenya ilianza kulifanya mwaka wa 2007, kuna uzi mrefu unaotoka mkononi mwake hadi kwenye ule unga wa chuma. Kidole kimoja hakivunji chawa: mmoja aliona, wa pili akahesabu, wa tatu akathibitisha.

Faraday hakujifungia maabarani. Kwa karibu miaka thelathini alikuwa mshauri wa shirika linalotunza minara ya kuongozea meli, na mwaka wa 1858 mnara wa South Foreland ukawashwa kwa umeme uliotokana na jenereta. Mwaka wa 1855 alisafiri kwa meli katika Mto Thames, akaona maji yamekuwa ya kahawia kwa uchafu. Alidondosha vipande vya karatasi nyeupe majini ili apime jinsi vinavyopotea upesi machoni, kisha akaandika gazetini kuwaonya wakubwa. Hawakusikia. Mwaka wa 1858 joto lilizidi, uvundo ukalitanda jiji, hata wabunge wakaziba pua. Ndipo fedha za mabomba makubwa ya maji taka zikapatikana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Anayepita kando ya Mto Nairobi leo atajua kwamba somo hilo halijazeeka.

Kisa kingine ni cha mwaka wa 1853. Watu wa London walishikwa na wazimu wa kuketi kuizunguka meza, wakiweka mikono juu yake, na meza ikaanza kuzunguka. Wengine walisema ni mizimu, wengine wakasema ni umeme. Faraday hakuwatukana. Aliweka vipande vya kadi kati ya mikono na meza, pamoja na kijiti cha kuonyesha kinachotangulia kusogea. Ikaonekana kwamba mikono ndiyo iliyotangulia. Watu walikuwa wakiisukuma meza wenyewe bila kujijua, na walipokiona kile kijiti, meza ikakoma kuzunguka. Huku kwetu nako, mtu akiugua au biashara ikianguka, jirani mzee hunyooshewa kidole kwamba ni mchawi, na wengine wamepoteza maisha. Laiti tungekuwa na desturi ya kupima kabla ya kuhukumu!

Zaidi ya yote alikuwa mwalimu. Mwaka wa 1825 Taasisi ya Kifalme ilianzisha mihadhara ya Krismasi kwa vijana, na Faraday mwenyewe aliitoa kwa misimu kumi na tisa. Iliyosifika zaidi ilihusu mshumaa. Bwana huyu aliyetupa umeme alisimama mbele ya watoto, akawasha mshumaa, na kutokana na mwali ule mdogo akawafundisha hewa, maji, joto, kaboni na hata pumzi zetu. Tangu nisome habari hiyo siidharau tena koroboi yetu. Ninapoona masizi yanapanda najua ni kaboni isiyoungua yote, na ninapofunika mwali kwa kopo ukazima najua kilichokosekana. Koroboi yangu imekuwa maabara.

Sifa zilimjia nyingi, lakini alikuwa mtu wa kujishusha. Alikuwa Mkristo wa dhehebu dogo lisilopenda kujilimbikizia mali. Alikataa kupewa cheo cha Sir, na mara mbili alikataa kuwa rais wa lile lile shirika ambalo Davy alitaka kumzuia asiingie. Hakujaliwa kupata mtoto. Tangu karibu mwaka wa 1840 kumbukumbu yake ilianza kudhoofika, na akili iliyobeba mengi ikawa inasahau vitu vidogo. Bado, mwaka wa 1845 aligundua kwamba sumaku inaweza kugeuza hali ya mwanga. Mwaka wa 1858 Malkia Victoria alimpa nyumba ya kuishi huko Hampton Court, na humo, tarehe 25 Agosti mwaka wa 1867, alifariki akiwa ameketi kitini, na umri wa miaka 75. Alizikwa bila mbwembwe katika makaburi ya Highgate. Uingereza iliitia picha yake kwenye noti ya pauni ishirini kuanzia mwaka wa 1991 hadi 2001, na kipimo cha faradi tunachokisoma kwenye kapasita ni ukumbusho wake.

Je, kazi yake ilileta nini? Mwaka wa 1832, Hippolyte Pixii wa Ufaransa alitengeneza jenereta ya kuzungusha kwa mkono. Mwaka wa 1882 London na New York zilikuwa na vituo vya kuuza umeme kwa watu. Mwaka wa 1908 Mombasa na Nairobi zilikuwa na kampuni zao za umeme. Baada ya uhuru tukajenga bwawa la Kindaruma mwaka wa 1968, Masinga mwaka wa 1981, na mwaka uo huo mvuke wa chini ya ardhi ukaanza kutoa umeme huko Olkaria. Mwaka wa 2019 ukazinduliwa mradi wa upepo wa Turkana wenye mitambo 365. Maji, mvuke na upepo ni vitu vitatu tofauti, lakini vyote vinafanya kazi moja tu, kuzungusha sumaku na koili kama kile kisahani cha shaba. Ni paneli za sola tu zinazotumia njia nyingine.

Na umeme umetubadilisha mila, kwa heri na kwa shari. Bibi yangu husimulia jinsi walivyosaga nafaka kwa jiwe tangu alfajiri mpaka mikono ikafa ganzi. Leo mashine hapo sokoni husaga debe moja kabla hujamaliza kusalimiana na watu. Zahanati ina friji ya chanjo. Kinyozi, mchomeleaji na fundi wa nguo wanakula jasho lao. Lakini bibi huyo huyo hulalamika kwamba zamani usiku tulikaa naye kando ya moto, akatutegea vitendawili na kututambia hekaya. Siku hizi wajukuu wakifika kwake huinamia rununu, na yeye hubaki akiongea na paka. Wako pia wanaoiba mafuta ya transfoma, kijiji kizima kikalala gizani. Umeme haukutufundisha adabu. Faraday alitupa mwanga, la kuangaza tutachagua wenyewe.

Nguzo zimefika sokoni kwetu, lakini nyumbani bado. Kila jioni ninaziona taa za maduka kwa mbali nikiwa naitia koroboi mafuta. Zamani taa hizo zilinitia uchungu. Sasa hunikumbusha kijana aliyepewa mishumaa kama sehemu ya mshahara wake. Bado Hisabati inanitoa jasho, na mtihani uliopita sikung'ara. Lakini nimo katika Fizikia, na siku ya kufanya majaribio mimi huwa wa kwanza mlangoni.

Kwenu mnaokaribia kuchagua masomo, na hasa wa kutwa wenzangu, msijihukumu kwa sababu ya koroboi, viatu au kabila la shule. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ukipewa kitabu cha kujalidi, kifungue ukisome. Na kwako kaka yangu kule jua kali, ambaye huenda utalisoma jarida hili likiwa limefungiwa mandazi, nakushukuru kwa ile shilingi.